Heri aliyeburura mkia Karlsbad

Jedwali la matokeo watu hulisoma kuanzia juu. Macho hugonga nafasi ya kwanza, hushuka ya pili, hufika ya tatu, yakachoka. Mimi nimezoea kulisoma kuanzia chini. Ni maradhi ya ualimu. Miaka 31 niliyofundisha hisabati, kila nilipoletewa orodha ya mtihani nilianza na jina la mwisho. Yule wa kwanza hakuwa na haja nami sana. Aliyenihitaji ni yule wa chini kabisa, ambaye wenzake walikuwa wameshaanza kumcheka.

Kwa hiyo siku niliyonunua kitabu chakavu cha sataranji kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Tanga, hakina jalada na kurasa zimetafunwa na mende, nikakuta jedwali la mashindano ya Karlsbad ya mwaka 1929, sikuhangaika na aliyeshinda. Niliteremsha kidole hadi nafasi ya 22, ya mwisho. Pale palikuwa na jina la mwanamke: Vera Menchik. Juu yake wanaume 21. Yeye chini, anaburura mkia: michezo 21, alama tatu.

Tangu mwezi uliopita mwanamke huyo hanitoki kichwani, na nitasema kwa nini.

Kila Jumamosi asubuhi nina darasa la sataranji chini ya mwembe uani kwangu. Watoto 12, mbao tano, na kete ambazo nyingine ni vizibo vya soda tulivyoviandika kwa kalamu. Aliye hodari kuliko wote ni binti wa miaka 13. Wavulana wa pale uani hawamwezi, na wameshaacha hata kutafuta visingizio. Mwezi uliopita nikampeleka kwenye mashindano ya vijana, nikamjazia fomu ya kundi la wazi, lile ambalo kila mtu anaruhusiwa kuingia. Mratibu akanivuta pembeni. Ni kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu mtoto tumweke kundi la wasichana. Kule kwa wavulana kuna vijana wa kidato cha tano na cha sita, watamfunga mechi zote. Atalia bure, halafu mzazi wake atatulaumu sisi."

Kundi la wasichana lilikuwa na watoto wanne. Wawili kati yao walikuwa wamefundishwa mwendo wa farasi wiki hiyohiyo. Kabla ya adhuhuri mwanafunzi wangu alikuwa ameshinda michezo mitatu, amekabidhiwa kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu, amepigwa picha. Tukirudi kwenye daladala hakukitaja kikombe hata mara moja. Aliniuliza yule aliyeshinda kule kwa wakubwa alianza kwa kusogeza askari gani. Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeandika.

Nilipofika nyumbani nilikifungua kile kitabu.

Karlsbad siku hizi huitwa Karlovy Vary, uko magharibi mwa Jamhuri ya Czech; mwaka 1929 nchi ilikuwa Chekoslovakia. Ni mji wa chemchemi za maji moto. Chemchemi yake maarufu, Vřídlo, hurusha juu maji ya nyuzi 73 hadi kiasi cha mita 12. Sisi wa Tanga tunayo maji yetu ya kiberiti kule Amboni, tunakwenda kuoga ngozi ipone. Wao wa Karlsbad kazi yao kubwa ni kuyanywa. Mgonjwa wa tumbo au wa ini daktari humwandikia chemchemi ipi na vikombe vingapi, naye hutembea polepole kwenye baraza ndefu za nguzo, mkononi ana kikombe ambacho mpini wake una tundu, ananyonya maji ya chumvichumvi kupitia mpini huohuo.

Mtu wa namna hiyo ana kitu ambacho sataranji inakihitaji kuliko fedha: muda. Fikiria mji uliojaa hoteli na kumbi, na wageni wenye uwezo ambao daktari amewakataza vyakula vya mafuta na starehe za usiku, wamekaa wiki tatu au nne hawana la kufanya baada ya kikombe cha asubuhi. Ukiwaletea mabingwa wa dunia wainamie mbao mbele yao, umewapa dawa ya pili. Ndiyo maana miji ya maji ya tiba ilishindana kuwaalika wachezaji: Baden-Baden mwaka 1870 na tena 1925, Marienbad 1925, Bad Kissingen 1928. Karlsbad yenyewe iliandaa mashindano makubwa mara nne, mwaka 1907, 1911, 1923 na 1929, na mwenyeji mmoja, Viktor Tietz, ndiye aliyekuwa roho ya shughuli hiyo.

Yale ya 1929 yalianza mwishoni mwa Julai yakaisha mwishoni mwa Agosti. Wachezaji 22, kila mmoja kupambana na kila mmoja, jumla michezo 231. Alikuwepo Capablanca wa Cuba, aliyevuliwa taji la dunia miaka miwili nyuma. Walikuwepo Nimzowitsch, Rubinstein, Spielmann, Bogoljubov, Marshall wa Marekani, Euwe wa Uholanzi. Bingwa wa dunia wa wakati huo, Alekhine, hakucheza. Alikuja kuandikia magazeti. Na kati ya wanaume hao, mwanamke wa miaka 23.

Vera alizaliwa Moscow mwaka 1906, baba Mcheki, mama Mwingereza. Baba yake alimfundisha kusogeza kete akiwa na miaka tisa. Mapinduzi ya Urusi yakaipokonya familia mali yake, wazazi wakaachana, na mwaka 1921 Vera, mama yake na mdogo wake Olga wakaangukia Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Kiingereza hakikupanda. Klabu ya sataranji ikawa mahali ambapo binti mgeni angeweza kukaa na watu jioni nzima bila kulazimika kuunga sentensi. Huko akampata mwalimu, Géza Maróczy wa Hungaria, mmoja wa magwiji wa zama zile. Mwaka 1927, ubingwa wa dunia wa wanawake ulipoandaliwa kwa mara ya kwanza mjini London, Vera alizoa alama kumi na nusu katika michezo 11.

Mratibu wetu angefunga hesabu hapo. Mtoto ana kikombe, ana picha, arudi kwao salama. Lakini Vera aliendelea kuomba nafasi kwenye mashindano ya wanaume, na mwaka 1929 Karlsbad wakampa.

Husimuliwa kwamba Albert Becker, mchezaji wa Vienna, aliligeuza jambo hilo mzaha. Alitaka kianzishwe Chama cha Vera Menchik: mwanamume atakayefungwa na yule bibi awe mwanachama bila masharti mengine. Wenzake wakacheka. Baada ya siku chache ikafika zamu ya Becker kukaa mbele yake. Vera alicheza nyeupe, na Becker akafungwa. Chama kikapata mwanachama wake wa kwanza, mwanzilishi mwenyewe.

Becker hakuwa mchezaji wa kubeza, na hapa ndipo panaponipendeza. Mwisho wa mashindano alisimama nafasi ya tano, sawa na Euwe na Vidmar. Aliyefungwa na wa mwisho alikuwa mtu wa juu jedwalini.

Mwingine aliyefungwa na Vera ni Friedrich Sämisch wa Ujerumani. Huyu Sämisch ndiye aliyemfunga Capablanca katika mashindano hayohayo. Mcuba yule, ambaye watu walimwita mashine kwa jinsi asivyokosea, kwenye hatua ya tisa tu alimpeleka askofu mahali pabaya. Sämisch akasogeza malkia, na kete ya Capablanca ikawa imekwenda. Capablanca alivutana kwa zaidi ya hatua 50 akitafuta pa kupumulia, hakupata. Mashindano yalipokwisha Nimzowitsch alikuwa na alama 15, Capablanca na Spielmann kumi na nne na nusu. Kwa hiyo sare moja tu na Sämisch ingemfikisha Capablanca kileleni, bega kwa bega na Nimzowitsch. Wa kileleni alizuiwa na mtu ambaye wa mkiani alimfunga. Ukilitazama jedwali hivyo unaona ni wavu: ukivuta uzi wa chini, wa juu unatikisika.

Sasa nimsikilize anayepinga, maana hoja yake si ya kipuuzi. Atasema: Mwalimu, unapamba. Mama huyo alifungwa mara 17. Alishinda mbili, akatoka sare mbili. Alikalia kiti ambacho mwanamume mwenye uwezo zaidi angekikalia. Na vipigo 17 kwa mwezi mmoja vinavunja moyo wa mtu mzima, sembuse mtoto.

Kiti kwanza. Katika mashindano ambayo kila mtu hukutana na kila mtu, mchezaji dhaifu hampendelei yeyote. Wote wanapewa zamu ileile ya kumshinda. Becker alipewa nafasi ya kuchukua alama kwa Vera kama Nimzowitsch alivyopewa. Asiulaumu mwaliko.

Moyo pili. Vera hakuokotwa njiani. Miezi michache kabla ya Karlsbad alikuwa amecheza Ramsgate, Uingereza, akamaliza wa pili sawa na Rubinstein, nusu alama nyuma ya Capablanca na mbele ya Maróczy, mwalimu wake mwenyewe. Aliandaliwa ndipo akatupwa majini. Sisemi kila mtoto anayejua jina la kete apelekwe kwa simba. Nasema aliyeiva asizuiwe kwa kuwa tunaogopa machozi.

Tena moyo huo haukuvunjika. Alekhine, akiandikia gazeti la Marekani, alisema mwanamke yule ana kipaji na kwamba ni wajibu wa ulimwengu wa sataranji kumpa kila nafasi ya kukua. Alimsifu kama ajabu ya jinsia yake, sifa yenye mwiba ndani, lakini dai lake lilikuwa sahihi: apewe nafasi. Akapewa. Majira ya baridi ya 1930 kuingia 1931, kwenye mashindano ya Hastings, Vera alimfunga Euwe. Mwaka uliofuata, palepale Hastings, akamfunga tena. Euwe huyo mwaka 1935 alimvua Alekhine taji la dunia. Sultan Khan wa India, bingwa wa Uingereza, naye akaingia chamani. Mzaha wa Becker ukageuka orodha ya heshima, na hakuna tena aliyecheka.

Wakati wote huo aliendelea kutetea taji lake la wanawake. Prague 1931, michezo minane, ushindi mara nane. Folkestone 1933, 14 kwa 14. Warsaw 1935, tisa kwa tisa. Ziweke hesabu hizi kando ya zile alama tatu za Karlsbad, halafu unijibu kama ningekuwa bado nakushikia chaki: ni wapi alipojifunza kucheza? Kule alikoshinda michezo 14 mfululizo, au kule alikopigwa mara 17 na watu waliojua kumwonyesha kila kosa?

Mashindano ya wanawake sitaki yafutwe. Yalimpa Vera jina, na bila jina hilo Karlsbad wasingemwita. Binti anayeanza anahitaji mahali ambapo hatakuwa kioja. Ila kundi la wasichana liwe sebule, mtu apite kwenda ndani. Tukiligeuza chumba cha kulala tukamfungia kwa funguo, tumemdhulumu kwa upole, na dhuluma ya upole ndiyo ngumu kushtaki, maana aliyekutendea anakuamkia shikamoo.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka mmoja, nikiwa bado shuleni, tulialikwa kwenye mashindano ya hisabati ya mkoa, nafasi tatu. Nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye kwa jiometri hakuwa na mwenzake. Nikapeleka wavulana watatu. Nilijiambia safari ni ya usiku, mtoto wa kike atapata tabu, na akishindwa mbele ya shule kubwa za mjini atakata tamaa. Niliita huo huruma. Leo ana duka la vipodozi, hajambo, nikipita ananiletea kiti. Sijawahi kumwambia kuwa palikuwa na mwaliko.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya fimbo. Siku hizi naisikia ikizungumza na mimi na yule mratibu. Tunamzuia mtoto asilie leo, tutakuja kulia kesho tutakapouliza wasichana wetu wa sataranji wako wapi. Na ile nyingine tunayowaimbia wavulana kila wanapofungwa, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, ina sharti ndani yake. Ili mtu akubali kushindwa, lazima kwanza aruhusiwe kushindwa.

Jirani zetu wa Uganda wameshaliona hili. Phiona Mutesi wa Katwe, ambaye dunia ilimjua zaidi kwa filamu ya mwaka 2016, alijifunza akicheza na wavulana. Alipokwenda Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, akiwa bado kinda, alifungwa zaidi kuliko alivyoshinda. Miaka miwili baadaye, Istanbul, akarudi na cheo cha kimataifa. Kikombe kinachoshindaniwa na timu za wanawake katika Olimpiadi hiyo, kile ambacho Uganda, Kenya na nchi nyingine za Afrika hupeleka mabinti kukitafuta, kinaitwa Kombe la Vera Menchik. Kimepewa jina la mtu aliyeburura mkia Karlsbad.

Mwenyewe hakuishi kukiona. Usiku mmoja wa Juni 1944 bomu la Wajerumani la V-1 lilipiga nyumba yao kusini mwa London. Vera, mdogo wake Olga na mama yao walikufa pamoja. Alikuwa na miaka 38, na taji la dunia la wanawake alilolichukua mwaka 1927 hakuna aliyekuwa amemnyang'anya.

Ninayoyaomba kwa waandaaji wa mashindano yetu ni madogo, hayahitaji bajeti. Kundi la wazi liwe wazi kweli: anayelipa kiingilio na kujua kanuni aingie, na aamue yeye, si mratibu, kama anataka kupambana na wa kidato cha sita. Matokeo yabandikwe yote, hadi jina la mwisho, maana sasa tunabandika watatu wa juu kisha tunakunja karatasi. Na kila mchezaji aandike hatua zake. Najua mchezo wa Vera na Becker kwa sababu uliandikwa. Miaka karibu mia imepita, na watoto wangu 12 wanaweza kuurudia kwa vizibo vya soda. Mwanafunzi wangu aliuliza bingwa wetu wa mkoa alianza na askari gani, na jibu lilikuwa limeshafagiliwa pamoja na makaratasi ya biskuti.

Jumamosi iliyopita tuliurudia mchezo huo chini ya mwembe. Binti alikaa upande wa Vera, mvulana mmoja nikampa upande wa Becker, nao wakasogeza kama kitabu kilivyoagiza. Tulipofika mwisho mvulana akalalamika kwamba amepangiwa kufungwa. Binti akageuza ubao, akakaa upande mweusi, akamwambia waanze upya bila kitabu.

Kwa hiyo, mwanangu mratibu, fomu yake ya mashindano yajayo naileta tena, kundi la wazi. Huenda akafungwa mechi zote. Mweke, mwandike, mbandike hata kama ni mstari wa mwisho. Akilia, usihangaike, leso nitakuja nayo mimi.